Nilimshitaki Mtani Wangu

Mama Mshauri, shikamoo. Nakuandikia mtoto yuko mgongoni na uji uko motoni, nisaidie, maana nimemharibia mdogo wangu na sijui pa kuanzia kutengeneza.

Mdogo wangu Kashindye yuko kidato cha tatu, nakaa naye hapa Kitete tangu mama yetu afariki, na anapenda sayansi kupita kiasi, sasa shule ilipofunga mwalimu wao akawaambia watafute mahali pa kufanya kazi wakati wa likizo, hata bila mshahara, wajionee kazi ilivyo, naye akaenda mwenyewe kwa miguu hadi kiwanda kimoja cha asali na nta, akaomba kukaa na wale wanaopima asali. Msimamizi, Mzee Abasi, akamwuliza kabila lake, akajibu Mnyamwezi, basi mzee akapaza sauti mbele ya wafanyakazi, "Mnyamwezi na kupima asali wapi na wapi? Ninyi si wapagazi wetu! Nibebee kwanza gunia hili mpaka pwani, ukirudi nitakupa kazi." Watu wakaangua kicheko, mtoto akarudi analia.

Mimi sikuwa nimelala, mwanangu ana homa, baba yake yuko safarini na treni, nikajifunga kanga nikaenda, wala shikamoo sikumpa, nikamwambia, "Utumwa ulikwisha na Uhuru, wewe mzee!" kisha nikapitia kwa balozi wetu wa nyumba kumi nikamshitaki kwamba anatukana wananchi kwa ukabila. Akaitwa kwenye kamati, akaonywa, hakujitetea hata kwa neno moja.

Kumbe! Jirani yangu Mwanamkuu akanishika mkono bombani: "We Zamda, una wazimu? Mzee Abasi Mzaramo yule, mtu wa pwani, mtani wenu Wanyamwezi! Wafanyakazi wanasema mtoto alipotoka tu alimwambia fundi wa maabara atafute koti jeupe la kumfaa." Mama, nilimdhani mtu wa hapa hapa, Kinyamwezi anakisema kunishinda. Sasa hatanii mtu tena, likizo inakwisha, Kashindye anashinda ndani, hata kunilaumu hanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Zamda, Kitete

Marahaba, Zamda, na pole kwa kuuguza. Uchovu wako nauelewa, lakini uchovu hauendi kwa balozi kushitaki, ulikwenda wewe. Mtu akikuuliza kabila ndipo akutukane huku watu wanacheka, anatafuta kama ana haki ya kukutania. Nawe hukumwuliza lake. Alinyamaza kwenye kamati kwa sababu mtani hagombani na mtani wake, na aibu yote akaibeba yeye.

Kwanza rudi kwa balozi, ufute mashitaka yako mbele ya watu wale wale waliomsikia akionywa. Hapo usilete mzaha. Kisha usimpelekee mzee kuku wala machozi. Jitwike gunia, Kashindye naye ajitwike lake, mwende kiwandani asubuhi wafanyakazi wakiwepo, mumwamkie, halafu umwulize, "Wapagazi tumefika, Mzaramo, pwani iko upande gani?" Kazi aiombe Kashindye mwenyewe, hata ya kuosha chupa za maabara kwa siku zilizobaki. Wewe funga mdomo.

Mzee akicheka, tueni mizigo, mmesamehewa. Asipocheka, tua wako peke yako, maana aliyeshitaki ni wewe, umgeukie mdogo wako pale pale, umwambie mbele yao wote kwamba yeye hakukosea kitu.