Baba, Jogoo Hakuwa na Kosa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo nahisi kama nimekuingilia chumbani bila hodi.

Nina habari mbili. Ya kwanza, umepata mtoto wa kiume. Mama alijifungua salama na eda yake ikaishia hapohapo, kama shehe alivyotuambia siku ile ya msiba. Tumempa jina lako. Masikio ni yako kabisa, yamekaa kama anataka kuruka nayo. Habari ya pili ni ngumu kidogo. Inamhusu yule jogoo.

Unajua mie si mwongeaji. Wewe ndiye ulikuwa unaongea kwa niaba yetu wawili. Pale karakana kwako Keko, mteja akilitazama tu jicho lako, randa inawekwa chini na hadithi inaanza: ulikuwa mdogo hujafika hata miaka miwili, Bibi amekuweka mkekani uani Tandika, jogoo mwekundu wa jirani akaja akakudonoa. Na jogoo mwenyewe alikuwa anakua kila mwaka. Nilipokuwa darasa la kwanza alikuwa jogoo wa kawaida. Nilipofika kidato cha kwanza ana kimo cha mbuzi na amewahi kumkimbiza mjumbe. Kisha unainua ubao usawa wa uso uone kama umenyooka, unawatania vijana wako: "Nyie mnahangaika kufumba jicho moja. Mie langu lilishafumbwa zamani."

Nilipokuuliza langu lilidonolewa na nani, hukunidanganya. Ulisema langu lilikuwa ugonjwa, uvimbe uliota ndani nikiwa bado nanyonya, madaktari wakalitoa jicho ili nibaki mie. "Lako maradhi, langu ajali." Basi, tukaishi hivyo. Baba jicho la kulia la bandia, binti jicho la kulia la bandia, asubuhi tunayaosha pamoja pale bombani, na hakuna mtu hata mmoja nyumbani aliyeshtuka. Hadithi ilikuwa nzuri mno, Baba.

Aliyeshtuka ni daktari. Nilikwenda kupimwa jicho jipya kwa sababu uso umekua na lile la zamani lilikuwa linacheza. Mama alinisindikiza, mtoto mgongoni. Tulimkuta daktari mgeni pale kliniki, dada mmoja mpole. Akauliza Baba yuko wapi. Mama akamwambia umefariki, kansa ya mfupa wa paja. Akauliza, na macho yake je? Nikajibu mie, karibu nacheka, kwamba ulikuwa na moja, lingine lilidonolewa na jogoo.

Akaweka kalamu chini.

"Huyo jogoo," akasema, "nani alimwona?"

Alitueleza taratibu, mimi nakueleza kwa lugha ya karakana maana ndiyo yetu. Kila seli ya mwili ina jeni inayoizuia isizaliane ovyo, nayo iko nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ni kama mlango wenye bawaba mbili. Ikivunjika moja, mlango bado unasimama. Zikivunjika zote, unaanguka. Watu wengi wanazaliwa na bawaba zote nzima. Wengine wanazaliwa bawaba moja imeshavunjika katika kila mlango wa mwili, na kwenye jicho la mtoto mchanga milango inatengenezwa kwa kasi, kwa hiyo ni rahisi ya pili nayo kuvunjika mahali. Huo ndio uvimbe. Na mtu huyo akikua, hata mifupa yake inaweza kupata kansa.

Nilikuona, Baba. Wewe mzima, kuanzia jicho mpaka paja.

Akasema mtu wa namna hiyo anaweza kumpa mtoto bawaba nzima au ile mbovu, nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi, kila mtoto na shilingi yake. Kama jicho lako lilikuwa na ugonjwa wangu, basi yule aliyelala mgongoni kwa Mama alitakiwa alazwe kwa dawa ya usingizi na kuchunguzwa ndani ya macho mapema, kabla kitu hakijaonekana kwa nje.

Mama akakataa. Tulipofika nyumbani Goba akaniambia ameshazika mume, hawezi kumpeleka mtoto mchanga akatafutiwe ugonjwa asio nao. Na Bibi mwenyewe kila siku anasema jogoo, sasa daktari anamjua mwanawe kuliko yeye?

Kwa hiyo nikaenda Tandika peke yangu. Mie, ambaye nikitumwa dukani naomba Mungu nikute muuzaji hana maneno mengi. Shuleni Baiolojia tunasoma kwa Kiingereza, mambo ya kurithi nayajua, naweza kuandika jibu likapata alama zote. Lakini hakuna mtihani uliowahi kuniuliza nitamwambiaje Bibi.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. "Mke mwenzangu," akanitania, "leo umekuja kunisalimu au umesikia harufu ya nazi?" Nikakaa. Nikachukua muhogo nami nikamenya. Nilipokosa pa kuanzia nikauliza jogoo alikuwa rangi gani.

"Mweupe," akasema.

Nikamwambia Baba alisemaga mwekundu. Kisu chake kikasimama. Ndipo nikamweleza bawaba, jicho langu, paja lako, na mtoto. Nilifika mwisho. Kuku wakaja kuokota maganda miguuni kwake.

"Hakuna jogoo aliyemdonoa, Salma."

Alisema jicho lako lilianza kung'aa ndani kama la paka, kisha likavimba, hospitali wakalitoa. Mawifi zake wakaanza kusema tumbo lake lina mkosi, babu atafutiwe mke mwingine. Akaona bora ajali. Ajali haiulizwi imetoka ukoo gani. Akamsingizia jogoo wa jirani, jirani akaomba radhi, akamchinja mwenyewe, ukoo mzima ukala na wali. "Walisifia mchuzi," alisema. "Mie kila tonge lilinikwama." Hadithi ikakaa, ukakua nayo, ukaipenda kuliko hata yeye aliyeitunga.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama ni yeye aliyekuua.

Nikamwambia hapana. Bawaba ilivunjika kabla yeye hajasema lolote, na daktari anasema hakuna mtu anayeivunja kwa kukusudia, si tumbo, si mkosi. Hapo alilia. Alipomaliza akajifunga khanga tukaondoka wote. Hakukaa hata kunywa maji pale Goba. Alimwambia Mama: "Mie nilificha nikaokoa ndoa. Wewe okoa jicho."

Mama akampeleka.

La kushoto safi. La kulia, pembeni kabisa, walikuta doa dogo kama unga wa msumeno. Wakalichoma kwa leza. Anaona, Baba. Anazifuata bangili za Bibi kwa macho yote mawili. Atarudi tena na tena miaka mingi, maana mengine yanaweza kuota. Damu yangu nayo imetumwa nje ya nchi kupimwa. Imepanda ndege kabla yangu.

Niseme ukweli wangu sasa, maana siwezi kumwambia mtu mwingine. Nilipojua ugonjwa nimeupata kwako, kabla sijaogopa, nilifurahi kidogo. Nilikuwa nadhani sikuchukua chochote chako, hata masikio umempa mwingine. Hasira zikaja baadaye, na hofu. Mifupa yangu, watoto wangu siku moja. Daktari amesema nikipata maumivu ya mfupa yasiyoisha nisikae nayo, niende. Nitakwenda. Wewe yale ya paja uliyafunga kitambaa ukaendelea kupiga randa.

Darasani nilikuwaga nakaa kulia kabisa, ukutani, upande wa jicho pasiwe na mtu. Mwalimu alipofika mada ya kurithi, nilinyoosha mkono. Nikaeleza kwa Kiingereza, nikarudia kwa Kiswahili na bawaba zako. Kijana mmoja akauliza kama jicho langu linazunguka. Nikamwambia, "Likitaka." Darasa likacheka, na mie nikacheka.

Pumzika, Baba. Mwanao nitampeleka kila tarehe ya kliniki, Mama akichoka, Bibi akizeeka, mvua ikinyesha. Nitamwambia kweli kwanza. Akishaijua, nitampa na jogoo, mwenye kimo cha mbuzi, maana ni wako. Na siku atakaposimama Keko kwenye meza yako, ainue ubao aone kama umenyooka, nitahakikisha anahangaika kufumba jicho moja kama mafundi wengine wote.

Salma