Mwari, Punda na Bwana Mkubwa

Kwako Baba Nasra,

Nakusalimu kama ninavyomsalimu mtu aliye hai, maana nina ugomvi na wewe, na maiti hagombwi. Ukinijibu, haya. Usiponijibu, si mara yako ya kwanza. Wewe ulikuwa hodari wa kunyamaza hasa pale yalipotakiwa maneno.

Unakumbuka siku ulipokuja na habari ya Sweden? Nilikuwa nimetoka kazini kwa wale wazee ninaowatunza, miguu imenivimba, nimeivuta hita ya sebuleni karibu na kochi. Ukaingia unanuka petroli, unacheka peke yako mlangoni. "Mama Nasra," ukasema, "Terry ananipeleka mlimani." Nikakuuliza mlima gani. Ukasema wa theluji. Nikakwambia, "Na hii ya hapa Barking haikutoshi, hii inayogeuka tope mtu hajamaliza kuvaa viatu?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Kumbe Terry, yule mwenye gereji uliyokuwa ukifanyia kazi, alikuwa ametia fedha zake kwenye biashara ya watalii huko kaskazini ya Sweden. Alitaka kununua pikipiki za theluji za kukodisha, nyingi, na hakujua anunue za aina gani. Akakodi tatu za aina tatu, akatafuta fundi wa kukaa nazo msimu mzima wa baridi, azipande, azifungue, kisha amwambie ipi inafaa. Mafundi wazungu wote wa gereji walikataa ile baridi. Ukakubali wewe, mtoto wa Wete, Pemba, uliyejifunza ufundi kwa kuifumua skuta ya mjomba wako ukashindwa kuirudisha. Mie nilisema huyu mume ana wazimu, tena nikakufungia sweta zote za nyumba hii.

Jioni ile ulitaka nielewe mashine yenyewe, nami sikuelewa. Pikipiki isiyo na magurudumu ni pikipiki gani? Ukalala kifudifudi kwenye zulia, ukanyoosha mikono mbele ukasema hivi ndivyo vibao viwili vya kutelezea, ndivyo vinavyokata kona. Ukapigapiga miguu ukasema huu ndio mkanda wa mpira, una meno, ndio unaoshika theluji na kusukuma. Nasra, alikuwa mdogo wakati ule, ukampandisha mgongoni ukamfundisha kuegemea. "Mlima ukiwa kulia, egemea kulia! Ukiegemea bondeni umekwisha!" Mtoto akaanguka juu ya kapu la nguo akataka tena na tena. Nikikumbuka kicheko chenu siku ile kifua kinaniuma mpaka leo.

Ukaenda. Kila Jumapili ulipiga simu kwa zile kadi za kukwangua, na mie nikakaa na simu sikioni nikisikiliza habari za mashine kama wanawake wengine wanavyosikiliza tamthilia. Ulizipa majina. Ile nyepesi ulimwita Mwari, kwa sababu alikuwa mzuri, anageuka kwa kumgusa tu, na kila asubuhi hatoki mpaka abembelezwe. Mkanda wake mfupi. Kwenye theluji ngumu alikuwa raha tupu, kwenye theluji laini anazama kama kijiko kwenye uji. Ya pili ulimwita Bwana Mkubwa. Mkanda mrefu, meno marefu, anapanda popote, lakini kumgeuza ni kesi, lazima umwangukie upande na mwili wote, na akigoma hageuki. Wa tatu alikuwa Punda. Hana sura, hana mbio, anakata kona kwa adabu tu. Lakini theluji laini anaishika, na kwenye baridi ya kupasua meno unavuta kamba, anawaka.

Nilikuuliza kama siku moja utanipakia nyuma ya Punda tuzunguke. Ukaniambia zote tatu ni za mlimani, kiti kimoja kila moja, na kwenye theluji laini ukipakia mtu wa pili mnazama wote.

Ulimpigia Terry ukampa hukumu yako waziwazi. Yeye alikuwa amempenda Mwari, kwa kuwa watalii wanapenda kitu chenye mbio. Ukamwambia hapana, nunua Punda. Ukamwambia Mwari atamlaza mtu njiani. Mie uliniambia kwa maneno yako: "Mlimani, Mama Nasra, usimchague atakayekufurahisha kwenda. Mchague atakayekurudisha." Nilijisikia fahari. Nikasema mume wangu huyu, mgeni wa nchi, anambishia tajiri wake usoni, na tajiri anasikiliza.

Jumapili ya mwisho ulikuwa na furaha nyingine. Kaka Hamad alikuwa amechukua likizo ya kazi yake ya ulinzi kule Wembley, upande wa pili wa London, amekuja kukutembelea. "Shemeji kaja," ukasema kwa sauti ya chini, kana kwamba amekusimamia kichwani. Pengine alikuwa amekusimamia. Uliniambia Bwana Mkubwa amekufa mkanda, umemfungua vipande vipande, kwa hiyo mtatembea na hao wawili waliobaki, tena mtapita bapa tu, penye tambarare kandokando ya ziwa. Nikakwambia mtunze kaka yangu. Nilikwambia hivyo, na wewe ukasema, "Wewe tena! Shemeji yangu huyu!"

Nani asiyejua ulivyokuwa mbele yake? Baba yangu alikuwa keshakufa tulipooana, na kaka Hamad ndiye walii aliyeniozesha kwako. Tangu siku ile akiingia chumbani unasimama. Akisema chakula hakina chumvi, na wewe chako unakiona hakina chumvi. Siku aliyotuambia tuhamie Wembley kuwa karibu naye, ulimwitikia "inshallah" miaka, ukashindwa kumwambia kwamba hutaki. Nilikuwa nakutania, nakwambia umemuoa yeye au mimi. Ukisema, "Heshima si utumwa, mke wangu." Nikiona ni jambo zuri. Wanawake wangapi wanalia ndugu zao hawaheshimiwi na waume zao?

Kisha wakaja mlangoni wawili, Terry na kaka Hamad, kaka midomo imepasuka kwa baridi. Mtu akiwaona wawili wale pamoja mlangoni pake haulizi. Walisema ulikwama na Mwari chini ya kilele, kwenye theluji laini, injini ikakataa, dhoruba ikakushika. Walisema walikukuta kesho yake. Kaka akakaa kwenye ngazi za nyumba yetu ya kaunsili, ya serikali ya mtaa, mbele ya majirani, akalia kama mtoto, na mie nikaenda kumbembeleza yeye.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Kwetu mtu aliyetoka kwenye kifo hahojiwi, utadhani unamtia hatiani. Watu walikuja, wakasoma khitma, wakala wali, wakasema kazi ya Mungu. Terry akasema kwa huzuni kwamba pengine mwishowe na wewe uliipenda ile ya mbio. Hilo neno likashika. Likatoka gereji likafika msikitini, kutoka msikitini likafika jikoni kwa wanawake: alijitakia, alikuwa akichezea mashine, wanaume na michezo yao. Mie nilijua ulivyosema juu ya Mwari. Nilisema, tena si mara moja, kwamba mume wangu hakuwa mtu wa kumpandisha Mwari mlimani. Wakanitazama kwa huruma. Mjane atasema nini?

Lililonichoma ni Nasra. Alikua na neno lile. Akiwa na umri wa kuanza kunijibu kwa Kiingereza kila ninalomwambia kwa Kiswahili, alinitamkia siku moja tuko kwenye basi: "Baba alituacha kwa ajili ya mchezo." Nilimhadithia tena na tena habari za Mwari na Punda na Bwana Mkubwa ili ajue baba yake alikuwa mtu wa akili, na kila nikihadithia nilikuwa nazidisha swali: kama alijua yote hayo, kwa nini alipanda ile? Picha yako aliitoa chumbani kwake akaniletea, eti nikae nayo mimi. Baba Nasra, sikutaka kitu kingine duniani ila mtoto wako asikudharau, na nilikuwa nashindwa.

Mwezi uliopita kaka Hamad alikuja kula kwetu Jumamosi. Amezeeka, anapumua kwa shida kupanda ngazi zetu. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, anavyopenda. Nasra siku hizi yuko chuo kikuu, alikuwa amekuja kufua nguo zake. Tunakula, akamtazama mjomba wake, akamuuliza kwa Kiingereza chake kisichojua kuzunguka mbuyu, "Anko, siku ile wewe ulipanda ipi?"

Kaka akajitia hakusikia, akaomba maji. Nasra akainuka, akamletea maji, akakaa, akauliza tena. "Mama anasema ile kubwa ilikuwa mbovu. Baba alikutwa na Mwari. Wewe ulipanda ipi?"

"Nasra!" nikamkemea. "Mjomba wako huyo. Adabu yako iko wapi?" Lakini mkono wangu ulikuwa umesimama kwenye wali, na nilikuwa nangoja jibu kuliko yeye.

Kaka akarudisha tonge kwenye sahani. "Punda," akasema. "Mie nilipanda Punda."

Ndipo akasema yote, kwa Kiswahili, macho chini. Kwamba asubuhi ile uliwatoa hao wawili bandani, akakuuliza ipi nzuri, ukamkabidhi Punda, ukamfunga glavu kwa mikono yako ukamwambia, "Shemeji, huyu hakuangushi." Mwari ukamchukua wewe, kwa kuwa mgeni hapewi kibovu, na bapani hana neno. Mkafika mwisho wa ziwa salama. Hapo ulitaka mrudi, mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Kaka akasema yeye katoka London mpaka huko, atarudije Wembley na picha za bapa? "Nikamwambia, shemeji, hebu tufike pale juu tuone upande wa pili."

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Alitazama mbingu. Akamtazama Mwari. Akasema, haya, twende."

"Hakusema kitu kingine?"

"Alisema tusichelewe." Kaka akajifuta uso kwa kile kitambaa cha meza. "Sikujua, dada. Wallahi sikujua kitu. Angeniambia hapana, ningerudi. Neno moja tu, ningerudi."

Mwari akazama katikati ya mteremko, akazimika, akakataa kuwaka. Mlimfukua mpaka mikono ikafa ganzi, upepo ukaja. Ukamwambia kaka atangulie na Punda akawaite watu, na alipositasita ukamwambia, "Shemeji, tafadhali." Akaenda. Punda alimfikisha. Alipopata watu, kule juu kulikuwa hauonekani hata mkono wa mtu mwenyewe.

Nasra hakulia. Alisema kwa Kiswahili, mtoto huyu asiyesema Kiswahili, akitafuta maneno moja moja: "Kwa hiyo baba hakuwa anacheza. Alikuwa anaona haya." Akachukua sahani yake akaenda kuiosha. Maji yalikuwa yakimwagika muda mrefu kwenye sahani moja. Picha yako ameirudisha chumbani kwake, nakwambia ili ujue. Lakini aliniuliza jambo kabla hajarudi chuoni: "Wewe Mama ungemwambia hapana?" Nikafikiri, nikaona sijapata kumwambia kaka Hamad hapana maishani mwangu, hata siku alipokuja kunambia amekubali posa ya mwanamume wa Wete, fundi wa skuta. Na ile siku sikuijutia kamwe.

Nimefurahi mtoto amekurudia. Ningesema uongo nikisema mie nimepata nafuu. Kwanza nilikuwa na mume aliyeuliwa na dhoruba. Sasa nina mume aliyeona dhoruba inakuja, akaijua mashine aliyokalia, akajua mkewe na mwanawe wako Barking wanangoja Jumapili, akaona bora avihatarishe vyote hivyo kuliko kumvunja uso shemeji yake. Terry ulimwambia hapana! Tajiri aliyekuwa akikulipa ulimwambia hapana kwenye simu, bila kutetemeka! Kaka yangu ndiye uliyemshindwa, mtu aliyevaa viatu vya kukodi, asiyejua hata mkanda uko wapi. Hasira niliyonayo naamka nayo, naipeleka kazini, nawalisha nayo wazee wa watu, narudi nayo kwenye treni.

Kaka aliponiaga siku ile alisimama mlangoni akaniomba radhi. Nikampa. Nimempa kwa moyo, usidhani nakudanganya, maana yeye hakuijua theluji. Wewe uliijua.

Kuna jambo limebaki baina yetu. Siku waliyokuleta London, kabla hawajakuchukua kwenda kukuzika, wale mabibi wa msikitini walinishika mikono wakanambia, msamehe mumeo, mpe radhi yake aende mwepesi. Nikasema nimemsamehe. Nilisema upesi, nikidhani nasamehe vile vijambo vya nyumba, kunijibu vibaya siku moja moja, kusahau kuleta maziwa. Hakuna aliyenambia nasamehe nini. Radhi ile, Baba Nasra, nimeichukua tena, ninayo mimi. Tukikutana huko uliko, utaniomba mwenyewe kwa mdomo wako, na utaniambia kwa nini, na sitaki mtu yeyote wa kwetu awe amesimama karibu.

Mimi mkeo, ningali mkeo,
Mama Nasra