Bwana Egessa na Jiwe la Rubongi

Tororo, Alhamisi jioni

Mvua imenyesha tangu adhuhuri na sasa yamebaki manyunyu. Mwamba wa Tororo umefunikwa na wingu hadi kiunoni. Nimekaa kitandani, viatu vyangu vina udongo wa Rubongi, na naandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Niseme kwanza lililo kweli. Naogopa.

Nimeogopa tangu wanajeshi washike nchi, kama watu wote, lakini ile ilikuwa hofu ya kuinamisha macho njiani na kutotaja majina dukani. Ya leo ina sura. Ina nyota tatu begani.

Mimi ni karani wa Bwana Egessa, mpimaji wa ardhi. Kazi yangu ni ndogo: akisoma kipimo anakiita kwa sauti, mimi nakirudia kwa sauti, ndipo naandika. Nilipoanza niliona haya. Kwa nini tupige kelele shambani kama wauza samaki? Akanijibu kwamba kipimo kinachonong'onwa ni cha watu wawili, kinachoitwa ni cha kila aliyesimama pale. Tena hapimi mpaka wowote kabla majirani wa pande zote mbili hawajafika kwenye jiwe la mpaka. Kuna siku kule Busia tulikaa juani hadi tukakauka midomo, kwa kuwa jirani mmoja alikuwa amempeleka mtoto hospitali ya Masafu. Bwana Egessa alikaa juu ya sanduku la vyombo akimngoja kama anavyongojwa bwana harusi.

Ndivyo alivyo. Mwezi uliopita kule Osukuru, mkulima mmoja alituwekea jogoo ndani ya gari kwa shukrani. Bwana Egessa akamrudisha mwenyewe, amemkumbatia, manyoya yamejaa kwenye tai yake ya shingoni. Musa, dereva wetu, aliomboleza hadi mjini.

“Bwana, jogoo hana upande! Jogoo hajui mpaka!”

“Yeye hajui,” Bwana Egessa akasema. “Jirani aliyemwona akipanda gari anajua.”

Nilicheka siku ile. Leo ndiyo nimeelewa.

Leo tulikwenda Rubongi kwa sababu kapteni mmoja wa kambini amepata shamba pale na anataka ramani yake. Shamba linashuka hadi karibu na chemchemi. Chemchemi iko kwa Mama Athieno, mjane, na nusu ya kijiji wanateka maji hapo. Tulipofika tulimkuta mama amekwisha simama kwenye jiwe la mpaka, kanga imelowa umande, mikono kiunoni.

“Mimi nasimama hapa tangu asubuhi,” alituambia. “Mtu akitaka hii jiwe, anabeba na mimi.”

Kapteni alikuja na askari mmoja kijana. Alikuwa mchangamfu. Alitusalimu kwa mkono mmoja mmoja, akamwuliza Musa kama gari linakula mafuta sana. Kisha akaonyesha kwa fimbo yake.

“Wewe napima mpaka kule, nyuma ya maji. Hii jiwe ya wakoloni. Weka ingine.”

Nilitazama chini. Nilifikiri Bwana Egessa atatafuta kisingizio: vyombo vimeharibika, mvua inakuja. Mimi ningekitafuta. Nilikuwa nimekwisha kukipata.

“Afande,” alisema, kwa sauti ile ile anayoagizia chai, “kupima naweza. Kuhamisha siwezi. Mama akikuuzia sehemu yake kwa hiari, niite, nitakuja. Leo nimekuta jiwe hapa, na hapa ndipo nitakapopima.”

“Nani analipa wewe? Mimi au huyu mama?”

“Unanilipa wewe, afande. Lakini mpaka una watu wawili. Aliyenilipa na ambaye hakunilipa, wote ni wangu.”

Kapteni hakukasirika. Alinigeukia mimi.

“Karani, wewe umesoma. Andika vile nakwambia.”

Nilikiona kitabu cha vipimo mikononi mwangu kama ni cha mtu mwingine. Niliwaza kwamba ni namba chache tu, na kwamba mama yangu ana mimi peke yangu. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Naandika hili kwa kuwa hakuna mtu aliyeliona, na sitaki lisahaulike.

Bwana Egessa akapita katikati yetu. Hakunisukuma. Alisimama tu, mgongo wake mbele ya uso wangu.

“Karani wangu haandiki neno ambalo mimi sijaliita, afande. Jambo lolote kuhusu kitabu hiki ni langu mimi.” Halafu, kana kwamba mazungumzo yamekwisha, akaongeza, “Nimepungukiwa mtu. Unaweza kuniazima askari wako ashike fimbo ya kupimia kwenye jiwe?”

Kapteni alishangaa, nadhani, hata akatikisa kichwa kukubali. Askari akaenda akaishika ile fimbo nyekundu na nyeupe kama anavyoshika bunduki, wima, kando ya Mama Athieno. Musa akanyoosha mnyororo wa kupimia kutoka jiwe jingine la mpaka, lile la barabarani. Bwana Egessa akainama, akasoma, akaita:

“Futi mia mbili kumi na nne!”

Nilimwona kapteni ananitazama. Sauti iliyonitoka ilikuwa nyembamba, ikavunjika katikati, lakini ilitoka.

“Futi mia mbili kumi na nne!”

Na pale chini yule askari, aliyefundishwa kambini kurudia kila amri, akapiga mguu chini akaita kwa kifua chote:

“Futi mia mbili kumi na nne, afande!”

Mama Athieno aliangua kicheko. Majirani waliokuwa wamejificha kwenye migomba wakacheka pia, Musa akajifanya anakohoa. Askari mwenyewe hakujua amefanya nini.

Kapteni hakucheka. Alingoja hadi kukawa kimya.

“Kesho asubuhi,” alisema, “leta ramani kambini. Nyinyi wote watatu. Nataka kuona hiyo mstari imepita wapi.”

Ofisini Bwana Egessa alichora hadi jioni. Mstari umepita kwenye jiwe. Chemchemi iko kwa mama. Alipomaliza kutia sahihi, aliniambia bila kuinua macho, “Ouma, mjomba wako bado yuko Busia, upande wa Kenya?”

Nikasema yuko.

“Kuna basi alfajiri. Ukienda, sitakulaumu.”

Nikamwuliza, kama ndivyo, atawaambia nini. Atawaambia ninaumwa?

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli.

“Hapana. Huumwi. Nitasema hukuja.”

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Mtu anakwenda kwenye lango la kambi, ambako wengine wameingia hawakutoka, na bado hawezi kunikopesha malaria ya uongo! Lakini nimekuwa nikigeuza neno hilo kichwani tangu niingie chumbani, na sioni pa kulishika kosa. Kama angeweza kusema uongo kwa ajili yangu, angeweza pia kuusema kwa ajili ya kapteni. Nisingejua tena lini ananiita kipimo cha kweli.

Wakituuliza kesho mmoja mmoja kipimo kilikuwa ngapi, atajibu, na Musa atajibu. Nafasi ya tatu ni yangu, na aliyerudia ni mimi.

Bado naogopa. Haijapungua hata kidogo.

Musa, aliyesikia habari ya basi kule ofisini, alipita sasa hivi, akauliza kupitia dirishani kama kesho anipeleke stendi, au aje kunichukua hapa nyumbani twende kambini.

Nimemwambia aje hapa, twende kambini.