Sikuwauliza Neno

Kigongo, 11 Juni 1961

Mjukuu wangu Teodora,

Hujambo? Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Huko Mwanza mjini umejifunza uuguzi, kuandika umesahau?

Wazee wa huyo Nkwabi wako walivuka toka Busisi Jumapili. Nimewachinjia jogoo. Wamekula, wamekunywa, jioni wamewahi kivuko. Neno la posa hawakutamka. Mabubu hao! Tafuta wengine.

Bibi yako

Mwanza, 20 Juni 1961

Bibi, shikamoo. Goti likande kwa maji ya moto.

Mzee Chenge, baba mkubwa wa Nkwabi, amenisimulia. Walikaa toka asubuhi wakingoja uwaulize, "Wenzetu, mmetujia na lipi?" Mgeni wa posa hasemi mpaka mwenye nyumba aulize, wewe ndiye uliyenifundisha. Anasema ukawasimulia pamba, ukawasimulia mbuzi, na kila akikohoa kukupa nafasi unamwongezea ugali. Bibi, hukujua walichokuja nacho?

Mjukuu wako,
Teodora

Kigongo, 3 Septemba 1961

Teodora,

Hujambo? Barua zangu mbili hujajibu. Haya, nuna.

Nilijua. Nani huvaa koti juani kuja kuzungumza pamba? Nao walijua kwamba najua. Chenge alinitazama, mimi nikatazama sufuria. Kukataa nisingeweza, kijana hana kosa. Ningeuliza tu, ningekubali, nawe ungeolewa ng'ambo. Nimekulea tangu mama yako afariki, hujaota hata jino. Nilitaka ubaki.

Kesho nakwenda kwa Chenge.

Bibi yako

Kigongo, 17 Septemba 1961

Mjukuu wangu,

Hujambo? Nimekwenda. Nimesimama uani, wake za wanawe wanapepeta mtama, nikasema, "Chenge, siku ile niliwaelewa. Nilifanya makusudi. Rudini." Mwanamke mzima, upande wa binti, naomba posa! Wale wanawake wakaacha kupepeta.

Akanijibu taratibu: "Mama, na sisi tulikuelewa. Kimya chako tulikichukua kuwa jibu. Tumeshapeleka posa kwingine, wamepokea."

Maji walinipa. Nikayaacha, nikawahi kivuko.

Nimeona uyasikie kwangu, si kwa watu wa kivukoni. Nitukane ukitaka, ila andika.

Bibi yako

Mwanza, 8 Oktoba 1961

Bibi, shikamoo.

Barua nimeipata.

Teodora