Maziwa ya Kabla ya Sigara

Jumatano

Na maziwa ya mtoto yamekwisha tena. Baba Salma amekunywa kikombe kizima, kisha akatoka uani kuwasha sigara. "Mama Salma, maziwa yanafunika kidonda, moshi haupati pa kuingia," akaniambia, kama daktari bingwa.

Daktari mwenyewe alimwambia mbele yangu: tumboni mna bakteria, dawa umalize na sigara uache, la sivyo kidonda hakitapona. Dawa anameza kwa saa. Pilipili tumeacha nyumba nzima kwa ajili yake. Sigara tu ndiyo haina hatia.

Nilicheka, halafu nikakumbuka ile damu aliyotapika mwezi uliopita. Nikamnyang'anya pakiti.

"Wanionea."

"Afadhali nikuonee kuliko nikuzike."

Pakiti hakuidai. Lakini ile ya mdomoni aliimaliza.