Fundo Nililolihisi kwa Kidole

Kibirizi, Kigoma, Jumamosi. Joto tangu asubuhi. Mawingu yamekaa juu ya milima ya Kongo, hayaji wala hayaondoki.

Nami leo ni hivyo hivyo. Nimekaa kwenye benchi la fundi simu ninakochajia, nimesimama, nimekwenda hadi majini, nimerudi kukaa. Fundi ameniuliza kama kuna mtu ninamsubiri. Nimemjibu hapana.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza, mimi ni mbebaji. Nabeba saruji, unga na kreti za soda kuingiza kwenye maboti yanayovuka kwenda Kongo, na yakirudi nashusha madumu ya mawese. Kwetu ni Iramba, mkoani Singida, ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Shule niliishia darasa la saba. Kigoma nililetwa na kazi ya barabara. Barabara ikaisha, wenzangu wakapanda treni, mimi nikabaki. Kila anayeniuliza kwa nini nilibaki nampa jibu lake.

Mgongo umechoka. Siandiki kutafuta huruma, naandika kwa sababu ndiyo hali.

Mke wangu Nuru yuko Iramba. Wiki iliyopita aliniuliza kwenye simu, bila kuzunguka, kama aje huku au nirudi mimi. Alizeti imeshavunwa, hakuna kinachomshikilia. Nikamwambia nitampigia. Sikumpigia. Juzi akaniuliza kama nina fundo naye moyoni. Nikasema sina fundo na mtu. Nikaongeza kwamba mtandao unakatakata, kisha nikakata mimi.

Mtandao ulikuwa mzuri.

Ukweli ni kwamba nilijiwekea sharti ambalo Nuru hakulijua. Nikipata kazi ya uvuvi, nikaachana na mizigo, nitamwambia aje. Nikikosa, nitarudi nyumbani kimya kimya kama niliyekwenda kutembea tu. Sikutaka avuke nchi nzima kuja kumtazama mume wake akipanda ubao na mfuko wa saruji kichwani.

Nafasi yenyewe iko kwa Baba Eliya. Ana mtumbwi wa mashine, anavua sangala kwa mshipi wa mkono, upande wa miamba. Ni Muha wa Ilagala, umri wake ni wa kunizaa, mtu wa maneno machache isipokuwa akikasirika, na hapo huhamia kwenye Kiha. Mvuvi wake mmoja ameacha kazi. Amebaki na Saidi, kijana wa Ujiji mwenye mdomo, na sehemu ya mtu wa tatu iko wazi. Nimekuwa nikiitazama sehemu hiyo kama mtu anavyotazama sahani ya jirani.

Kilichonisogeza karibu ni uzi.

Baba Eliya aliununua kwa mchuuzi aliyetoka Bujumbura. Ni uzi wa kijivu uliosukwa, lakini katikati ni mtupu kama mrija. Una nguvu ajabu kwa wembamba wake. Tatizo ni kwamba ukigusa mwamba unakatika, kwa hiyo mbele yake, upande wa ndoana, lazima uunge kipande cha nailoni nene. Na vitu hivyo viwili havipatani. Nailoni inateleza, fundo linafunguka. Ukilikaza lisifunguke, fundo lenyewe linaukata uzi. Baba Eliya alikuwa ameshapoteza ndoana na samaki wake.

Mimi kwa kiherehere changu nikasema kwamba bandarini nimeona kamba za meli zikiungwa bila fundo hata moja. Kama uzi huu uko wazi ndani, kwa nini nailoni isiingie humo humo?

"Singida," Saidi akasema, maana ndilo jina alilonipa, "huku hatuvui kuku."

Ufukwe mzima ulicheka, maana kuku wa Singida wanajulikana nchi nzima. Hata mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Baba Eliya hakucheka. Akanipa ule uzi na kipande cha nailoni. Akasema nikiunga, na muungo ukamfikisha sangala mtumbwini, nihesabu nimepata kazi.

Hiyo ilikuwa jana. Nilitafuta kwenye simu nikaona video ya mtu asiyeongea, mikono tu. Ana sindano maalumu. Mimi nina sindano ya kushonea magunia, na ile inaingia kwenye uzi huu kama kidole kwenye tundu la kifungo. Nikaenda kwa fundi wa pikipiki, nikaomba waya wa klachi uliokatika, nikachomoa unywele mmoja wa chuma, nikaukunja mara mbili. Hiyo ikawa sindano. Ncha ya nailoni nikaisugua kwa msasa mpaka ikawa laini isikwaruze.

Halafu nikaanza kuteseka.

Uzi huu ukiuvuta unabana. Ukiusukuma unalegea, unafungua mdomo. Kwa hiyo unatakiwa uukusanye taratibu kama unavyokunja soksi kabla ya kuivaa, nailoni isogee kidogo ndani, uunyooshe, ukusanye tena. Ukivuta hata kidogo kwa pupa, uzi unaishika nailoni pale pale na haisogei tena mbele. Na mimi maisha yangu yote ninajua kuvuta. Ndicho mwili wangu ulichofundishwa. Vidole vyangu vimepasuka kwa saruji, kila ufa unakamata unyuzi. Nilikaa juu ya magunia nikaharibu, nikakata, nikaanza upya. Nikainuka, nikazunguka, nikarudi. Nilimtukana mtu wa kwenye video ambaye hajanikosea kitu.

Hatimaye urefu wa mkono wangu ukawa umeingia ndani. Pale mdomoni mwa uzi nikazungusha uzi wa cherehani, nikadondosha gundi. Nikafunga upande mmoja kwenye nguzo ya kufungia maboti, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ule uzi ukajibana juu ya nailoni mpaka ukawa mgumu kama kijiti. Haukusogea.

Nilicheka peke yangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahia kitu nilichokitengeneza. Ukibeba mzigo hutengenezi kitu, unakihamisha tu.

Jioni Baba Eliya akaja. Akaupitisha kwenye vidole, akaugeuza, akaupitisha tena.

"Fundo liko wapi?"

Nikamwambia halipo. Akauliza basi nailoni inashikwa na nini. Nikamwambia inashikwa na kule kuvutwa kwenyewe, kadiri samaki anavyovuta ndivyo uzi unavyobana. Alinitazama kama niliyemwambia kwamba mlango wake unafungwa na upepo. Hakubisha. Aliuviringisha mshipi, akaenda nao nyumbani.

Leo asubuhi wakanipandisha. Kabla hatujasukuma mtumbwi majini, Saidi akanipa mshipi niupange kwenye beseni usijisokote. Nikawa naupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, pindi juu ya pindi. Nilipofika kwenye muungo, kidole kikagonga kitu.

Fundo. Dogo, gumu, limekazwa kwa meno, limekaa juu ya kazi yangu. Nilijua nani amelifunga. Baba Eliya alikuwa amenipa mgongo, anajaza mafuta kwenye mashine.

Nikanyamaza.

Sababu niziandike zilivyokuwa. Ya kwanza ni kazi. Mtu aliyeingia majini leo hamsahihishi mwenye mtumbwi mbele ya kijana wake. Hiyo mtu anaweza kuielewa. Ya pili ni mbaya zaidi. Fundo lile lilinituliza. Nilikuwa nimeuvuta ule muungo kwa mwili mzima na haukusogea, lakini kidole kilipogusa fundo, moyo ulisema afadhali. Nilikuwa sijaiamini kazi yangu mwenyewe.

Tukaenda mpaka kwenye miamba, Baba Eliya akazima mashine, tukashusha chambo. Tulikaa muda mrefu bila kitu. Saidi alinieleza jinsi ya kutapika bila kuchafua mtumbwi, ingawa sikuwa natapika. Kisha uzi ukakimbia mkononi mwa Baba Eliya, ukakimbia kweli, mpaka akajifunga kitambaa mkononi na kuniita nishike nyuma yake.

Sijawahi kushika kitu kama kile. Mzigo haukupingi, unalala tu. Huyu alikuwa na mawazo yake.

"Shika, Singida," Saidi akasema. "Huyu si jogoo."

Tulimpandisha kidogo, akashuka. Tukampandisha tena, nikaona chini majini kitu cheupe kikigeuka ubavu, kipana. Akashuka tena kwa nguvu, na uzi ukawa mwepesi.

Baba Eliya aliukusanya wote. Nailoni na ndoana vimekwenda na samaki. Mwisho wa uzi ulikuwa umekatika pale pale kwenye fundo, nusu ya fundo bado imejikunja. Nilingoja aniambie kwamba mambo ya kwenye simu yaishie kwenye simu. Badala yake akanipa ule mwisho wa uzi niushike.

"Hili nililifunga mimi," akasema. "Jana. Niliona uzi hauna fundo, nikakosa amani."

"Najua, Mzee."

"Umejua saa hizi?"

"Hapana. Tangu ufukweni. Nililihisi kwa kidole."

Saidi aliacha kuchota maji kwenye mtumbwi. Baba Eliya aliosha mikono ziwani, akaiosha kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Siku nikielekeza mtumbwi kwenye mwamba," akasema, "utanyamaza pia?"

Nilitafuta jibu. Nilikuwa na majibu mawili matatu, yote ya adabu. Nikawa bado nachagua.

"Unaona?" akasema, akawasha mashine.

Tulipofika ufukweni niliibeba mashine mimi, bila kuambiwa, mpaka kwenye kibanda. Baba Eliya akasema kesho anakwenda kanisani, Jumatatu wanaingia ziwani, na uzi bado upo mwingi.

"Ukija, uje na mdomo."

Hakusema kazi ni yangu. Hakusema si yangu.

Mchana nimepakia saruji kama kawaida. Mifuko ilikuwa mizito kuliko jana, ingawa najua mifuko haibadiliki uzito. Saidi alipita akanimegea muhogo wake wa kuchoma, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniambia nisiwaze sana, ila nijue kwamba yule mvuvi aliyekuwepo kabla yangu hakuacha, aliondolewa kwa sababu ya kuongea mno. "Kwa hiyo kadiria," akasema, akaenda zake anacheka.

Nimekaa hapa kwenye benchi tangu nimalize kupakia, na nimegundua kinachonisumbua si samaki. Samaki wapo. Ni lile swali lake la mwamba. Nimelijaribu upande huu na upande ule, na kila nikilijaribu nasikia sauti ya Nuru ikiniuliza la kwake.

Nikachomoa simu kwenye chaja ikiwa haijajaa, nikampigia.

Nilianza kabla salamu hazijaisha, kwa kuogopa nisije nikaanza kuchagua maneno. Nikamwambia nilikuwa namngoja samaki ndipo nimjibu. Samaki amekata uzi. Kazi ya mtumbwini sijaipata, huenda nikaipata, huenda nisiipate. Mpaka leo mimi ni mbebaji, mgongo unaniuma, nalala chumba kimoja na wabebaji wenzangu. Nikamwambia nataka aje. Naona aibu aje anione na mfuko kichwani, lakini nataka aje.

Nikaitoa simu sikioni kutazama kama imekata.

"Nipo," akasema.

Kisha akasema, "Ulinioa ukibeba matofali. Ulifikiri nilikuwa naangalia wapi?"

Fundi simu alijifanya anapuliza vumbi kwenye betri. Nuru akaanza kuuliza ya safari, treni inafika siku gani, unga wa huku ni wa nini. Nikamwambia wengi wanakula ugali wa muhogo na kwamba atauzoea. Akasema hilo tutaliona. Kuhusu mtumbwi hakuuliza. Aliuliza kuhusu chumba.

Bado siwezi kukaa. Nimeandika haya nusu nimesimama. Lakini sasa najua miguu inataka kwenda wapi.

Kesho, wengine wakiwa kanisani, nitapanda hadi Mwandiga, nje kidogo ya mji, kuulizia chumba. Nitamwambia mwenye nyumba kwamba kazi yangu ni kubeba mizigo, nimwambie kabla hajauliza.