Mistari Minne kwa Kipande Kimoja

Gisenyi, 9 Aprili 1957. Asubuhi ukungu, ziwa halikuonekana hadi saa tatu.

Mzee Saidi,

Tangu tukuzike maabara ni yangu peke yangu, na leo nimegombana na karani wa malipo.

Unamkumbuka Mama Felisita, muuza samaki wa Rubona. Binti yake ana uvimbe shingoni. Daktari alikata kipande cha uvimbe, akataka kipakwe rangi nyekundu ya kutafutia kifua kikuu. Nilifanya ulivyonifundisha: kioo cha binti, chenye kipande chake, na kando yake kioo cha majaribio, chenye ugonjwa tunaoujua tayari, kuona kama rangi inashika. Haikushika. Rangi yetu ilikuwa imechakaa. Nikachanganya mpya, nikarudia vyote viwili, ikashika.

Karani akamtoza mama bei ya rangi nne, na jibu likafungiwa kwenye droo yake mpaka alipe. Siku tatu mama yule amekaa barazani.

"Bon, vioo iko nne, donc bei iko nne. Mi nahesabu tu," karani akasema, akichanganya Kifaransa chake.

Nikamwambia kioo cha majaribio kinatupima sisi, si mtoto, na rangi mbovu ni kosa letu. Wewe ulisema kila siku: "Kipande kimoja, rangi moja, malipo mara moja. Mugonjwa asilipie macho yetu."

Ndipo karani akanifungulia daftari langu mwenyewe. Mistari minne, mwandiko wangu nadhifu, kila mstari na jina la binti.

Wewe uliandika mstari mmoja kwa kila kipande, vioo vya majaribio ukaviwekea nukta pembeni. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Karani alikuwa nawe miaka yote, anajua kanuni, akanyamaza. Simsamehe. Lakini mistari ni yangu.

Nilifuta mitatu, nikatia sahihi, nikamsimamia mpaka akaandika hati mpya. Mama Felisita akalipa rangi moja, akapewa jibu. Ni kifua kikuu. Dawa ipo, binti amechomwa sindano ya kwanza mchana huu.

"Siku tatu, mwanangu," aliniambia. "Siku tatu dawa ya mutoto iko hapa, mi niko hapa."

Nilimsindikiza hadi kitandani kwa binti.

Kesho nitapitia kila ukurasa tangu mazishi yako. Aliyetozwa zaidi nitamfuata, hata Rugerero kwa miguu, na karani atarudisha pesa. Nakuahidi hilo.

Pumzika, mzee wangu. Nukta zako zimerudi pembeni.

Nazima taa, saa nne kasorobo usiku.